Re: Praima za DREB kwenye ngano zinanipa vilele viwili

Habari mkuu, nimekusoma, umepima jeni moja ya DREB (kundi la jeni zinazousaidia mmea kuvumilia ukame) kwenye ngano iliyonyimwa maji, na kipimo cha kuyeyusha DNA baada ya kuinakili kinakuonyesha vilele viwili badala ya kimoja, yaani huenda umenakili vipande viwili tofauti. Usiguse mashine, anza na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha unakili uanzie wapi), maana ngano ya mkate ina jenomu tatu, yaani seti tatu za kromosomu, A, B na D, jeni moja mara nyingi ina nakala tatu zinazofanana sana na praima inazidaka zote. Mimi ilinimalizia wiki nzima aisee. Nilipanga nakala zote mstari chini ya mstari, nikatafuta herufi ya DNA inayotofautiana nikaifanya ya mwisho kwenye praima upande wa 3', yaani ncha ambako unakili unaanzia, kilele kikabaki kimoja. Halafu jaribu kwenye DNA ya ngano ya durum, haina D kabisa, praima ya D ikitoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) hapo, bado inadaka nakala ya A au B, haijakaa sawa.