Maswali ya Wasomaji: Gesi ya moto inayozunguka galaksi hutoaje miale ya gama?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjukuu wangu alinisomea habari kwamba galaksi zimezungukwa na gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na kwamba miale ya kosmiki ikiigonga gesi hiyo hutokea miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kuliko aina zote. Mambo mawili yananitatiza. Ikiwa gesi hiyo ni hafifu mno, yaweza vipi kuitwa ya moto? Tena, ikiwa chembe zake zimetengana hivyo, kugongana kunatokeaje?
Mwalimu mstaafu wa jiografia, Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Maswali yako yamegusa kiini cha jambo lenyewe.

Ukipita jioni mbele ya karakana ya fundi mageti wakati anakata nondo, utaona cheche zikimrukia mikononi naye akiendelea na kazi. Kila cheche ni chembe ya chuma yenye joto linaloweza kupita nyuzi 1,000, lakini ni ndogo kiasi kwamba haina nishati ya kutosha kumuunguza. Joto hupima kasi ya chembe, wala halituambii chembe ziko ngapi. Gesi inayoizunguka Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu, ina joto la takriban nyuzi milioni 2, maana yake protoni zake (viini vya hidrojeni) hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Kasi hiyo imetokana na mvutano wa galaksi unaoivuta gesi kutoka mbali, na pia na milipuko ya nyota. Hata hivyo, ukichota ndoo ya lita 20 katika sehemu za nje za gesi hiyo, utapata protoni kama mbili tu.

Kwa hiyo una haki ya kushangaa kuhusu kugongana. Miale ya kosmiki ni protoni kwa sehemu kubwa, nazo husukumwa hadi karibu na kasi ya mwanga na mawimbi ya milipuko ya nyota tunayoiita supanova. Baada ya mamilioni ya miaka hutoroka kutoka kwenye sahani ya galaksi, sehemu bapa yenye nyota nyingi, na kuingia katika gesi ile hafifu. Humo, hata zikizunguka kwa miaka bilioni 10, ni chache tu katika kila mia zitakazogonga kitu. Ila protoni zinazotoroka ni nyingi kupita kiasi, gesi nayo imeenea mamia ya maelfu ya miaka ya nuru, ndiyo maana hizo chache zinatosha kutoa mwanga, ingawa ni dhaifu sana.

Mgongano wenyewe huzaa chembe iitwayo pioni. Pioni isiyo na chaji huishi sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha hugeuka kuwa miale miwili ya gama, kila mmoja ukiwa na nishati mamilioni ya mara kuliko mwanga wa taa ya nyumbani. Mwaka 2013 watafiti wa Fermi, darubini ya angani ya kupima miale ya gama iliyorushwa mwaka 2008, walitangaza kuwa wameiona alama ya pioni hizo katika mabaki ya supanova mbili, W44 na IC 443.

Hapa pana jambo ambalo habari nyingi hulipita haraka, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote: joto la gesi halichangii chochote katika miale ya gama. Nishati yote huletwa na protoni mgeni, ile ya miale ya kosmiki. Gesi ni shabaha tu, na ingekuwa baridi ingefanya kazi ileile. Joto lake hujionyesha kwa miale ya eksirei. Tukiziona aina zote mbili, tunajua gesi iko wapi na miale ya kosmiki imefika wapi.

Pwani yetu ina sehemu katika historia hii. Setilaiti Uhuru, iliyogundua kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Hapohapo, Novemba 1972, ikarushwa setilaiti SAS-2, ambayo iliona miale ya gama ikitoka Njia ya Maziwa, na mingine hafifu ikitoka kila upande wa anga. Inawezekana sehemu ya hiyo hafifu hutoka katika gesi tunayoizungumzia.

Kuhusu galaksi jirani ya Andromeda, watafiti walitangaza mwaka 2019 dalili za miale ya gama iliyoenea mbali sana kuizunguka. Wapo wanaosema imetokana na miale ya kosmiki, na wapo wanaofikiria maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ambayo hutambuliwa kwa mvutano wake tu; mjadala haujaisha. Mwalimu, mawingu ya vuli yakikupisha usiku wa Novemba, simama Raskazone uelekee kaskazini, utaiona Andromeda kama doa dogo la ukungu, mwanga wake ukiwa umesafiri miaka milioni 2.5. Kisha nyoosha mkono upime: gesi inayoizunguka, kama macho yetu yangeiona, ingefunika zaidi ya shubiri mbili za anga.