Samaki vimelea kwenye akwariamu ya nyumbani: mfuge huyu wa Tanganyika, wengine waache

Samaki vimelea, yaani wanaoishi kwa kuwanyonya au kuwaibia samaki wengine, wanafugika, ila sio wote, na kwa akwariamu ya sebuleni mimi nakubali mmoja tu, naye ni wa kwetu kabisa, wa Ziwa Tanganyika. Hao wengine ambao watu wanaona video zao af wanawatamani, ningeomba waachwe huko huko, maana chakula chao ni mwili wa samaki mwingine aliye hai.

Chukua kandiru wa Amazoni, kale kasamaki kembamba kanakoingia kwenye matamvua ya samaki mkubwa kanywe damu. Nyumbani utamlisha nini? Inabidi uwe unamletea samaki wa kunyonywa kila mara, na mtoni yule anayenyonywa anaondoka zake lakini kwenye kioo cha lita 200 anakimbilia wapi, ni mateso tu. Hata hapo Tanganyika kuna Perissodus microlepis anayekula magamba ya wenzake, kiukweli ni kiumbe wa ajabu mno, mdomo umepinda, wengine kulia wengine kushoto, na kila mmoja anavizia ubavu wake. Mtafiti wa Japani, Michio Hori, aliandika mwaka 1993 kwamba wa upande mmoja wakizidi, samaki wanaoshambuliwa wanakuwa macho zaidi upande huo, basi wale wa upande wa pili ndo wanashiba, na idadi inajisawazisha hivyo hivyo. Samaki huyu namheshimu sana. Ila akwariamuni hapana.

Ninayemfuga mimi ni Synodontis multipunctatus, wa jamii ya gogogo. Huyu akishakua hamdhuru samaki mzima mwenzake, wizi wake uko kwenye malezi. Kuna sikilidi (jamii ya kina sato na perege) wanaolelea mayai mdomoni, jike akitaga anayaokota anayabeba, sasa hawa gogogo wanasubiri dakika hiyo hiyo. Mtafiti Tetsu Sato ndiye aliyeeleza habari hii mwaka 1986, na ukiiona kwa macho yako utakaa mbele ya kioo usahau chakula jikoni: sikilidi dume na jike wanazungukana juu ya jiwe, jike anaachia yai, ghafla gogogo wanavamia kama wanne kwa pamoja, wanapiga kikumbo, wanakula mayai ya mwenyewe na kuacha ya kwao, na yule mama kwa haraka ya kuokoa vyake anaokota kila kitu. Mayai ya gogogo yanaanguliwa mapema, kama siku tatu hivi, na vitoto vinaanza kuwala watoto halali humo humo mdomoni. Wiki kadhaa baadaye mama anatema vigogogo vidogo vyenye madoadoa, macho makubwa, sharubu tayari.

Kwahiyo fikiria kwanza unamweka na nani. Sikilidi wa Tanganyika wameishi naye miaka na miaka, wanajua kuyatema mayai yake, ila wa Ziwa Malawi na furu wa Ziwa Victoria hawamjui kabisa, utafiti uliotoka 2018 ulionyesha hivyo, wanabeba tu. Mimi nashauri utumie mbuna, wale sikilidi wa miambani wa Malawi, wa kawaida waliozaliwa kwenye akwariamu, wapo wengi. Furu usimchanganye naye hata kidogo kama lengo lako ni kuzalisha furu, sangara ameshawamaliza vya kutosha kule ziwani, sio wewe tena uwamalizie vizazi nyumbani.

Tenki liwe kubwa, lita 300 kwenda juu, na wawe kundi la watano au sita, mmoja peke yake anajificha tu humuoni. Chini weka mchanga laini, kokoto kali zinakwangua sharubu, na mawe yapangwe yawe na mapango. Maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 8 na kitu, joto nyuzi 25 hivi, yaani maji ya mvua hayafai kabisa, na ya kisima upime kwanza usiamini ulimi. Lisha jioni ukishapunguza taa, chakula kinachozama, dagaa kamba, konokono. Vifaranga vya samaki usivitegemee kupona humo.

Dukani angalia tumbo. Multipunctatus tumbo lake ni jeupe bila madoa, na macho ni makubwa. Synodontis petricola, gogogo mwingine, naye ana madoa mazuri na ni mdogo wa umbo, ila madoa yanashuka mpaka tumboni, na mara nyingi anauzwa kwa jina la mwenzake, utasubiri uone uvamizi wa mayai hutauona. Kama ni wa kutoka Kigoma, muulize muuzaji kama ana kibali cha uvuvi, akibabaika ondoka.

Na siku ya kumhamisha usitumie wavu, miiba yake ya mgongoni na ya mbavuni inajifunga ikinasa kwenye nyuzi na utamuumiza ukimvuta. Msukume taratibu aingie kwenye kopo la plastiki, mbebe na maji yake.