Kurasa Hazifunguki? Usikimbilie Kupiga Window

Kabla hujaifunga CPU kwenye bodaboda kuipeleka mjini kwa fundi, fahamu kwamba kurasa za intaneti zinapogoma kufunguka, mara nyingi Windows haina kosa. Ukipiga window upya, yaani kusakinisha Windows upya, utapoteza programu zako, utachoma bando kuzipakua tena, na tatizo lenyewe huenda ukalikuta palepale. Cha kwanza ni kujua njia imekatikia wapi: kati ya kompyuta na ruta, kati ya ruta na nje, au ndani ya kivinjari.

Anza na simu. Iunganishe na Wi-Fi ileile, kisha zima data ya laini. Usipoizima itakudanganya: ikiona Wi-Fi haina intaneti inahamia kimyakimya kwenye bando lake, nawe utadhani ruta ni nzima. Simu nayo ikigoma, iache kompyuta kwanza.

Alama ya Wi-Fi kujaa haina maana kwamba intaneti ipo. Inaonyesha tu kwamba umeshikana na ruta, hata kama bando limeisha tangu asubuhi. Wanaotumia hotspot ya simu wana mtego wao pia: bando la mitandao ya kijamii. WhatsApp inaingia vizuri, kivinjari hakifungui kitu, na lawama zote zinaiangukia kompyuta. Angalia salio la MB za kawaida, si la jumla.

Bando likiwepo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta mistari miwili: IPv4 Address na Default Gateway. IPv4 ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikikataa, zima ruta, hesabu sekunde 30, iwashe, na uiache dakika mbili kabla ya kujaribu tena. Wengi huwasha na kujaribu papo hapo, ruta ikiwa bado inatafuta mnara.

Anwani ikiwa sawa, fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu:

ping ikifuatwa na namba ya Default Gateway (kwa mfano ping 192.168.8.1)
ping 1.1.1.1
ping google.com

La kwanza likikosa jibu, shida iko kati yako na ruta: kebo imelegea, Wi-Fi ni dhaifu, au umejiunga na Wi-Fi ya jirani bila kujua. La kwanza likijibu na la pili likakataa, laini ya nje ndiyo iliyokatika. Wenye faiba waangalie taa ya LOS kwenye kiboksi. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako, na hakuna utakachobonyeza kwenye kompyuta kikasaidia. Piga simu kwa mtoa huduma.

La pili likijibu na la tatu likasema "could not find host", intaneti unayo, ila kompyuta haiwezi kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Hiyo ni kazi ya DNS, na kivinjari huonyesha DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kwenye Wi-Fi au Ethernet, chagua Properties, kisha Internet Protocol Version 4. Chini kwenye sehemu ya DNS chagua Use the following DNS server addresses, weka 1.1.1.1 kwenye nafasi ya kwanza na 8.8.8.8 kwenye ya pili. Rudi kwenye dirisha jeusi, andika ipconfig /flushdns. Kama jina linalogoma ni la tovuti moja tu, kagua kwanza ulivyoliandika. Herufi moja ikikosewa, ujumbe unaotokea ni huohuo.

Yote matatu yakijibu na kurasa bado zikigoma, tazama saa ya kompyuta. Hili watu hulidharau, na kwenye kompyuta za mezani za mitumba ndilo la kwanza kushuku, hasa pale umeme unapokatika mara kwa mara. Kila tovuti ya https ina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini leo ni mwaka 2009, inaona cheti bado hakijaanza kazi, na inagoma kwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Ukirekebisha saa kurasa zinafunguka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi imerudi 2009. Hapo betri ya ubaoni (motherboard), inayotunza saa, imekufa.

Betri hiyo ni CR2032, ya duara kama sarafu, ya volti 3. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Fungua ubavu wa CPU, shika chuma cha sanduku ili umeme tuli utoke mwilini, kisha sukuma kibanio kidogo pembeni ya betri, itaruka yenyewe. Ukiipima kwa mita na kukuta 2.7 au chini, itupe. Weka mpya, upande wenye alama ya + ukitazama juu. Ukiwasha, ingia BIOS, mpangilio wa msingi wa kompyuta (mara nyingi kwa F2 au Delete), weka tarehe, hifadhi. Ndani ya Windows chagua ukanda wa saa wa UTC+03:00 Nairobi, ambao saa zake ni sawa na za Tanzania.

Saa ikiwa sahihi na onyo la cheti bado linatokea kwenye tovuti nyingi, uliza umri wa Windows. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo 109, la Januari 2023. Tena cheti kikuu cha zamani, kinachothibitisha vyeti vya tovuti nyingine, kilichoitwa DST Root CA X3 kiliisha tarehe 30 Septemba 2021, na mashine zisizopata masasisho zilianza kukataa tovuti nyingi tangu siku hiyo. Kwa mashine ya namna hiyo tumia Firefox ESR 115, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake ya vyeti. Ni kiraka tu. Kufanyia mambo ya benki kwenye Windows 7 hatukushauri.

Kuna ugonjwa mwingine unaosumbua hata mafundi. Google inafunguka, ila tovuti ya benki au ya maombi ya kazi inazunguka tu bila kukataa wala kukubali. Shuku ukubwa wa pakiti, yaani MTU. Njia za faiba zinazotumia PPPoE (mfumo wa kuingia kwa jina na nenosiri) huruhusu baiti 1492 badala ya 1500 za kawaida, na njia yenye VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) huruhusu pungufu ya hapo. Pakiti kubwa zikitupwa njiani bila taarifa kurudi, ukurasa unasubiri milele. Pima hivi: ping 1.1.1.1 -f -l 1472. Ikijibu, huna tatizo hili. Ikisema "Packet needs to be fragmented" au "Request timed out", shusha namba kumi kumi mpaka ijibu, kisha ongeza 28. Tuseme imejibu kwenye 1422, basi MTU yako ni 1450. Fungua cmd kwa Run as administrator na uandike:

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1450 store=persistent

Unayetumia kebo, weka "Ethernet" mahali pa "Wi-Fi".

VPN za bure nazo hukatisha njia. Ukiifuta vibaya huacha nyuma mpangilio wa proksi (seva ya kati), na kivinjari kinasema ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Andika inetcpl.cpl, nenda Connections, LAN settings, ondoa tiki ya proksi. Na si kila kisichofunguka ni ubovu: Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini Tanzania, na kusafisha kivinjari hakukusaidia mtu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, Tanzania nzima ikayumba. Siku kama hiyo subiri.

Kwa ruta za laini, Mwanza ina adui wake: mawe. Nyumba iliyojibanza nyuma ya mwamba Igogo au Mabatini inaweza kuwa jirani kabisa na mnara na bado isiuone. Fungua ukurasa wa ruta kwa namba ya Default Gateway, tafuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara. Hasi 80 ni nzuri, hasi 100 inavumilika, ikipita hasi 110 tegemea kurasa nusunusu. Tembeza ruta dirisha hadi dirisha ukisoma namba hiyo, usiangalie vijiti. Mita moja pembeni yaweza kubadilisha hesabu yote. Ruta inayojizima na kuwaka yenyewe, badilisha adapta yake ya umeme kwanza. Soma volti na ampea zilizoandikwa chini ya ruta na usinunue yenye ampea pungufu.

Radi za ziwani huja sana usiku na alfajiri. Wingu likikusanyika, chomoa waya wa umeme na kebo ya mtandao pia, maana radi huingia kwa njia zote mbili. Tundu la kebo likiungua baada ya radi, taa zake hazitawaka tena hata ubadilishe waya. Usikubali kuuziwa ubao mzima kwa sababu hiyo: adapta ya LAN ya USB, au kidude cha Wi-Fi cha USB, kitaifanya kompyuta iendelee na kazi.