Aliyebadilika ni dereva teksi peke yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni filamu gani ya mwendelezo iliyokuvunja moyo, na kwa nini? Mimi jibu ninalo siku nyingi. Ni Rush Hour 3, ya mwaka 2007. Wiki hii nimeirudia mara mbili kabla ya kushika kalamu, nisije nikaisingizia, na bado inaniuma.

Inaniuma kwa kuwa ile ya kwanza naipenda mno. Ilitoka 1998, ila mimi niliikuta miaka michache baadaye kwenye kibanda cha video Morogoro, kiingilio shilingi mia, mabenchi yamejaa hadi mlangoni. Wengi wetu Kiingereza kilikuwa kinapita juu ya kichwa, na hakuna aliyetoka nje. Jackie Chan ni Lee, inspekta wa Hong Kong. Chris Tucker ni Carter, askari wa Los Angeles ambaye mdomo wake haupumziki. Mwanadiplomasia Han ametekewa binti yake, Soo Yung, na amemwita Lee amtafute. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, hawamtaki Lee, kwa hiyo wanaomba askari wa kumzungusha mjini asiwaingilie. Carter anafurahi akidhani amepewa kesi kubwa, kumbe amepewa mgeni wa kulea. Wote wawili wamedharauliwa, halafu kila mmoja anamdharau mwenzake. Carter anampigia kelele Lee neno moja moja kama anaongea na kiziwi, akiamini hajui Kiingereza, na Lee amenyamaza tu, anamtazama. Siku anapokuja kufungua kinywa na Kiingereza chake kimenyooka, kibanda kizima kilisimama.

Kuna kipande kimoja ningependa kila anayeandika filamu akitazame. Lee na Carter wako nje ya mgahawa wa Kichina, usiku, wanasubiri. Hakuna ngumi wala risasi. Redio ya gari inapiga wimbo wa Edwin Starr, "War", na Lee anauimba vibaya, matamshi yamempinda. Carter anamrekebisha, kisha anamfundisha kuucheza. Lee naye anamfundisha Carter namna ya kumpokonya mtu bastola. Pale barabarani, dakika mbili tatu, watu wawili wasioaminiana wanapeana kila mmoja alichonacho. Baada ya hapo ukiambiwa mmoja atamfia mwenzake, unakubali.

Na ile mitungi! Kwenye maonyesho ya sanaa ya China, mwishoni, Lee anapigana huku mitungi ya kale, mirefu kama mtu, inayumba na kuanguka. Anampiga adui kwa mguu, anaudaka mtungi kwa mikono, anausimamisha, anageukia adui mwingine. Anauokoa, unamwona anashusha pumzi, na hapohapo risasi inaupasua. Kamera imekaa mbali kidogo, mwili mzima unaonekana, unajua ni yeye na si mwingine.

Sehemu ya pili ya 2001, ya Hong Kong na Las Vegas, niliisamehe. Ilikuwa na mbio zake.

Sasa hiyo ya tatu. Ya kwanza iligharimu kama dola milioni 33, hii ilikula kama milioni 140, na fedha hizo unaziona: Paris, mnara wa Eiffel, magari. Han anapigwa risasi Los Angeles akiwa kwenye mkutano anakotaka kutoa siri za magenge ya Kichina. Pembeni yake yuko mzee mmoja wa Kizungu, mpole, sauti ya heshima, rafiki wa siku nyingi. Nilikuwa naitazama na mdogo wangu. Mzee yule hata hajamaliza sentensi ya pili, mdogo wangu akasema, "Kaka, adui ndiye huyu." Ndiye. Kwenye ile ya kwanza adui mkuu alikuwa Mwingereza mstaarabu, rafiki wa Han. Ya pili, aliyekuwa mwenzi wa kazi wa baba yake Lee. Safari hii wamerudi kwa rafiki mwingine wa Han, na kumwongezea Kenji, aliyelelewa pamoja na Lee kwenye kituo kimoja cha yatima. Soo Yung amekuwa mtu mzima sasa, anajua kujitetea, na bado wanamteka tena. Ya kwanza Lee anaanguka kutoka juu, anaokolewa na kitambaa kikubwa. Hii ya tatu wanaanguka kutoka Eiffel, wanaokolewa na bendera ya Ufaransa.

Hata hivyo, silalamikii kurudia. Kule kibandani tulijua stelingi hafi, na hakuna aliyeacha kulipa mia yake. Picha ileile tuliilipia hata mara tano. Tulichokuwa tunakifuata ni kuona anafikaje. Lee na Carter wa 2007 wameshakuwa ndugu tangu mwanzo wa filamu, hakuna wanachohitaji kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo mwandishi anawagombanisha kwa nguvu huko Paris, wanatengana, na hujakaa sawa wamesharudiana. Ngumi nazo zimekatwakatwa: mkono, uso, upanga, uso tena. Jackie Chan alikuwa na miaka 53, na simdai michezo ya hatari ya ujana wake. Ningeridhika na mtungi mmoja, kamera ikitulia.

Aliyebadilika ni mmoja tu, George, dereva teksi Mfaransa, anayechezwa na Yvan Attal. Mwanzoni hataki hata kuwabeba, anasema Wamarekani ni watu wa vurugu. Baada ya kukimbizwa nao barabarani mara moja, damu inamchemka, naye anataka kuwa jasusi. Mke wake hamwelewi. Mwishoni ndiye anayempiga risasi yule mzee na kumaliza kesi, huku mastelingi wawili tuliowafuata kwa miaka tisa wamesimama wanatazama. Nadhani hata waandishi waliona kwamba mwenye safari kwenye filamu hii ni yeye.

Mara kwa mara nasikia mazungumzo ya sehemu ya nne, na nitaitazama, sitasema uongo. Lakini kila nikifika mwisho wa ya tatu najikuta nairudisha ile ya kwanza, pale nje ya mgahawa. Maana hii nayo inafungwa kwa "War" ileile: Lee na Carter wanaondoka wakiucheza pamoja, na hakuna anayemfundisha mwenzake.

Msomaji wenu,
Morogoro