Nafasi Moja Kwenye Bima, Wazee Wawili: Nilivyoamua Mimi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja aliye Makete ameniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Nimebakiwa na nafasi moja kwenye bima. Mama yangu anaumwa, mama mkwe naye anaumwa, mume wangu amenuna siku ya tatu sasa. Nimwandike nani?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Najibu hapa, maana najua mko wengi mnaotembea na fomu hiyo kwenye mkoba na hamthubutu kuijaza.

Kwa wasio watumishi wa umma: sisi watumishi tunakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kwa makato hayo NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Wategemezi ni watoto wako, wazazi wako au wazazi wa mwenza wako. Wanne, basi. Aliyeipanga namba hiyo sijui kama alikuwa na wakwe. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ukoo ukipata mtoto mmoja mwenye ajira ya serikali, ukoo mzima umeajiriwa.

Mimi nafundisha Rungwe. Mume wangu ana gereji Tukuyu mjini, hana bima ya kwake. Tuna watoto watatu, kwa hiyo nafasi tatu zilikuwa zimeshakwenda. Ya nne niliiacha wazi muda mrefu nikisema tutaona. Tukaona kweli: mama yangu mzazi, aliyeko Kyela, akagundulika na presha, na mwaka uleule baba mkwe akaanza kuamka usiku kila baada ya muda mfupi kwenda kukojoa.

Hilo la baba mkwe hakuniambia yeye. Asingeweza. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija njia hii, wewe unapita kule. Akiwa sebuleni, wewe uko jikoni mlango umefungwa. Vijana wengi siku hizi wameiacha mila hiyo, ila baba mkwe wangu ni mzee wa zamani na mimi nilimheshimu hivyo tangu nilipoolewa. Habari za mkojo wake nilizipata kwa mama mkwe tukiwa tunapukuchua maharage, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlangoni. Mzee alikuwa anasimama muda mrefu, mkojo unatoka kwa matone, unakatika, unaanza upya. Alishajitibu kwa mizizi. Alishaambiwa na jirani kwamba ni mkono wa mtu.

Wanaume, hapa niwaseme kidogo. Tezi dume kuvimba ni jambo la kawaida kwa mwanaume akishavuka miaka 50, na mara nyingi si saratani. Ila huwezi kujua ni ipi kwa kukaa kimya kibandani. Inapimwa, inatibika. Ukisubiri mpaka mkojo uzibe kabisa, utapelekwa hospitali umebebwa usiku na utawekewa mpira wa kutolea mkojo, ndicho kilichompata baba mkwe msimu wa baridi, mvua ya Tukuyu ikimwagika kama kawaida yake. Alirudi nyumbani na mpira na mfuko wa mkojo chini ya koti lake refu, akaambiwa dawa peke yake haitatosha, anahitaji kupasuliwa.

Basi fomu ikawa mezani. Mama yangu au baba mkwe.

Nilichofanya mimi ni kuacha kuuliza nani nampenda zaidi. Swali hilo halina mwisho na mume wako atalijibu tofauti na wewe. Niliuliza: ugonjwa wa nani unatibiwa wapi? Mama yangu alihitaji kupimwa presha kila mwezi na vidonge vya kumeza kila siku. Hayo yanapatikana kwenye kituo cha afya karibu na kwake. Baba mkwe alihitaji daktari bingwa, chumba cha upasuaji na kulazwa, na hilo lilikuwa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kilometa kama 70 kutoka kwetu.

Sasa, CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na ilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, tena kwa barua ya rufaa. Ya kanda haikufika. Kwa hiyo CHF ingemtosha mama na isingemtosha mzee. NHIF ikaenda kwa baba mkwe. Mama, na wajukuu wanne anaokaa nao, nikawalipia CHF siku ileile. Mwandikishaji alikuja na simu yake, akawapiga picha uani mmoja mmoja, wakaandikishwa wote.

Nilidhani nimecheza vizuri. Mpaka leo nadhani hivyo.

Ila ndugu zangu hawakuliona hivyo. Tulikutana msibani, Ipinda, na kaka yangu akasema mbele ya watu waliokaa kwenye jamvi kwamba nimemuuza mama kwa ng'ombe walewale wa mahari. Dada zangu walikaa kimya, kimya cha kukubali. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumlipia mama hata nauli ya kwenda kliniki. Tuko watano. Shilingi 30,000 gawanya kwa watano ni 6,000 kwa mwaka kwa mtu, na hiyo nayo nimeilipa mimi peke yangu, na mwaka uliofuata nikalipa tena. Maneno yale sijayasahau na sioni kwa nini niyasahau.

Kwa hiyo mwalimu wa Makete, ushauri wa kwanza: kabla hujajaza fomu, kaa na mume wako, na mwite angalau ndugu mmoja wa kila upande. Waeleze ugonjwa, waeleze unatibiwa wapi, waeleze na bima nyingine iliyopo. Watakasirika, lakini watakasirika wakijua hesabu.

Ushauri wa pili ni makaratasi, na huo hakuna aliyenipa. Kumwandika mzazi wako ni rahisi kwa sababu cheti chako cha kuzaliwa kina jina lake. Kumwandika mkwe, waliniomba cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mume wangu kuonyesha kwamba huyu mzee ndiye baba yake. Mume wangu, mtu mzima mwenye gereji na watoto watatu, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tukaanza safari ya RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, ofisi ya mkuu wa wilaya. Kilipotoka, jina la mzee kwenye cheti lilikuwa na herufi moja tofauti na jina la kwenye NIDA, kitambulisho chake cha taifa. Herufi moja! Ikabidi hati ya kiapo kwa wakili. Muda wote huo mzee yuko na mpira. Kama wazazi wenu hawajaugua bado, nendeni mkalinganishe majina yao leo. Chukua kadi ya NIDA, chukua vyeti, weka kimoja juu ya kingine, soma herufi kwa herufi.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda, ambayo siitaji, ndipo mila na bima zilipokutana. Dirisha la bima walikuwa na mashine ya alama za vidole. Mzee amelima migomba na kuchuma chai maisha yake yote. Vidole vyake havina mstari hata mmoja. Karani akambonyezesha kidole gumba, mashine ikakataa. Akamfuta kwa pamba na spiriti, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Karani akapaza sauti: "Mwanachama mwenyewe yuko wapi? Aje hapa!"

Mwanachama mwenyewe nilikuwa nyuma ya nguzo ya koridoni, kitenge kimenifunika kichwa mpaka puani, ili baba mkwe asinione. Shemeji yangu akawa mjumbe: anakimbia kwa karani, anakimbia kwangu, anachukua kitambulisho changu, anarudi. Karani akasema hataki kitambulisho, anataka mtu. Shemeji akajaribu kumweleza mambo ya mkamwana. Karani, kijana wa kutoka mkoa mwingine, akasema bima haina habari na mambo hayo. Wamama wa Kinyakyusa waliokuwa kwenye foleni wakamjia juu. Mmoja akamwambia mzee ageukie ukutani, mzee akageuka, nikapita haraka, nikajitambulisha, nikarudi kwenye nguzo yangu. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali.

Walitujibu vibaya siku ile, na tulirudi nyumbani bila barua ya rufaa kwa sababu daktari wa kuisaini alikuwa ameshaondoka. Tulirudi tena kesho yake. Barua ya rufaa ndiyo kila kitu. Bila barua, kadi yako ya bima haikufikishi unakotaka. Usiondoke hospitali bila barua, na ukipewa, hakikisha ina jina sahihi, muhuri na saini. Narudia: muhuri na saini.

Mbeya sitaisimulia sana. Tulisubiri tarehe, akapimwa, akapasuliwa, akalazwa. Bima ililipa upasuaji. Sisi tulilipa nauli, chakula na mahali pa kulala ndugu wa mgonjwa, na hizo nazo ni pesa, mjiandae. Mzee sasa analala usiku kucha. Mwezi huu amerudi shambani, anaonekana akikata majani makavu ya migomba na kugombana na mbuzi wa jirani. Aliniletea salamu kupitia shemeji: "Mwambie ndaga fijo," yaani asante sana. Mara moja tu. Kwa mzee yule hiyo ni hotuba.

Na mama yangu? Presha yake imetulia. Kliniki hakosi. Kuna miezi dawa kituoni zinakuwa zimekwisha, nanunua duka la dawa muhimu na kumtumia kwa gari la Kyela. Kaka yangu aliyesema nimemuuza anapita pale kwa mama kila Jumapili kula wali wa Kyela, na wala haoni kadi ya CHF iliyotundikwa ukutani juu ya meza anapokula.

Niwaambie na wasio na mtumishi kwenye ukoo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, afanyiwe utambuzi. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano nao sera inawasamehe. Mjamzito akipata dharura, piga 115, namba ya bure ya m-mama, usafiri unatafutwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo inataka kila mkazi awe na bima. Vizuri. Lakini sheria haiji kukujazia fomu. Parachichi zikiuzwa, viazi vikiuzwa, toa pesa ya bima kwanza kabla hujanunua bati. Nawaona watu wanachangisha laki sita kwenye kundi la simu kwa ajili ya jeneza, watu walewale walioshindwa kuchangia 6,000 mgonjwa akiwa hai. Nalisema kila mara na watu wananichukia kila mara.

Mwalimu wa Makete, jibu lako kwa kifupi: nani anahitaji hospitali kubwa, huyo mpe NHIF. Anayehitaji kliniki ya karibu, mlipie bima ya karibu leo, si kesho. Kama wote wawili wanahitaji hospitali kubwa, hapo sina hesabu, hapo muulize mumeo kama ndugu zake wako tayari kuuza ng'ombe.

Mtoto wangu mkubwa anamaliza shule hivi karibuni, na nafasi yake kwenye bima itakuja kuwa wazi. Sijamwambia mtu. Ila wifi yangu ameshaanza kunipigia simu asubuhi asubuhi, ananijulia hali.