Jibu: Nichore KICC peke yake, au na maghorofa mapya?

Ndugu, umeuliza kama maghorofa mapya yataifanya picha yako ya Nairobi ifanane na mji wowote ule. Yaweke. Mimi nilichora KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya mji, peke yake miaka mingi, mwishowe nikaona nachora kadi ya posta.

Ila usiyape uzito sawa. KICC ya 1973 ina ghorofa 28 tu, na pembeni ule ukumbi wenye paa la msonge. Rangi yake ni ya udongo wa chungu. Britam, lile jengo refu jipya kule mtaa wa Upper Hill, ina mita 200, lakini huazima rangi ya mawingu. Basi KICC ipake rangi nzito, Britam ipake nyepesi karibu na anga. Kaa Uhuru Park saa kumi na moja jioni, uitazame KICC jua likiwa mgongoni, uone.

Barabara ya juu ya 2022, ile Nairobi Expressway ya nguzo (mimi siipendi, lakini ipo), ikate picha. Na chini yake weka muuza njugu, hata kama ni doa tu la brashi. Matatu moja yenye michoro inatosha; zikizidi zinameza mji wote.