Bei ya kiti haikai siku mbili

Wiki hii mmeuliza kama mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kupeleka familia yake kwenye mechi ya besiboli ya ligi kuu hapa Marekani. Anaweza, mara moja kwa mwaka, tena kwa kujibana. Hiyo mara moja ndiyo inayoniuma.

Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani. Huu ni mchezo wa Jumanne jioni: mtu katoka kazini, anapita uwanjani kama mwingine anavyopita kijiweni. Nilipohamia huku sikuuelewa hata kidogo. Aliyenifundisha ni mzee mmoja aliyekaa jirani yangu kule juu kabisa, kwenye viti vya bei rahisi, na penseli na karatasi ya kuandikia mchezo. Mpigaji akizungusha rungu akaukosa mpira wa mwisho wa nafasi zake tatu, yuko nje, na mzee anaandika K. Akisimama tu akiutazama unavyompita, anaandika K iliyogeuzwa, imetazama nyuma. Baada ya mechi tatu nne nikawa naandika mwenyewe.

Yule mzee simwoni tena, na viti vyake si rahisi tena. Timu ya San Francisco Giants ilianza mwaka 2009, kwa viti vichache, kubadilisha bei kufuatana na mahitaji. Mwaka uliofuata ikawa uwanja mzima, kisha mtindo ukaenea. Akija mpinzani mkubwa, bei juu. Ikiwa wikendi, juu. Ni nauli ya matatu mvua ikinyesha. Msimu uliopita Jumatatu nilikuta kiti ni dola 24. Ijumaa, mshahara umeingia, kiti kile kile dola 41, mara watu wanne, na maegesho bado. Niliirudisha simu mfukoni. Mwanangu mdogo alikuwa ameshavaa kofia.

Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu inawataka wauza tiketi waonyeshe bei kamili, pamoja na ada zao, tangu mwanzo. Nashukuru, ila mzigo ni ule ule.

Tunaambiwa ndiyo soko. Lakini Yankees, timu ya New York, walipofungua uwanja wao mpya mwaka 2009, viti vya mbele kabisa viliuzwa hadi dola 2,500 kwa mechi moja, vikabaki vitupu mbele ya kamera za televisheni, na kabla mwezi haujaisha baadhi vikashushwa hadi 1,250. Kumbe bei hushuka wenyewe wakitaka. Kule juu tunakokaa sisi, kamera hazifiki.

Wapo wanaojaribu. Kule Baltimore, tangu 2018, timu ya huko, Orioles, imekuwa na mpango ambao mtu mzima akinunua tiketi ya viti vya juu anaingia na watoto wawili wadogo bure, na chakula cha nyumbani hakizuiwi mlangoni. Tulisafiri hadi huko na chapati na mayai ya kuchemsha. Binti yangu aliandika K yake ya kwanza iliyogeuzwa, akanionyesha kabla sijamwambia lolote.

Ninachoomba ni kila klabu itenge safu chache za juu kwa bei moja, isiyobadilika Aprili hadi Septemba, ili nimpeleke tena, katika mji wetu, Jumanne yoyote.